Kitalu, Bembea, Mboga au Choo? Kona Mbili za Mtaa, Moja Nakuru na Moja Kisumu

Dada yangu anakaa Manyatta, Kisumu. Mimi niko Kaptembwo, Nakuru, na riziki yangu ni ufundi wa bomba. Usiku mmoja alinipigia simu kuniambia kuwa chama chao cha akina mama kimekubaliwa na mzee wa mtaa kusafisha kona moja ambayo watu wamekuwa wakitupa taka miaka nenda miaka rudi. "Sasa tuweke nini hapo?" akaniuliza. "Wengine wanataka bembea za watoto, wengine mboga, wengine kitalu cha miche. Na kuna mmoja hataki kusikia lolote ila choo."

Nilicheka, kwa sababu jioni hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha nyumba kumi hapa kwetu. Tulikuwa tukibishana juu ya pembetatu ya ardhi iliyobaki kati ya barabara na mtaro, na mabishano yalikuwa hayo hayo, karibu neno kwa neno. Kona ya Manyatta na pembetatu ya Kaptembwo zinakaribiana ukubwa: ukiegesha matatu nane za abiria 14 umezijaza. Lakini nilipoanza kumjibu dada yangu niliona kwamba jibu la huku halifai kule, na tofauti yenyewe haitokani na yale watu wanayoyapigia kelele kikaoni.

Kipimo changu ni kimoja. Jumanne saa nne asubuhi, nani atakuwa pale? Siiulizi siku ya uzinduzi, mheshimiwa akiwa amekuja na hema na soda. Nauliza Jumanne, saa nne, watoto wakiwa shuleni, akina mama sokoni, vijana kwenye mjengo. Penye mtu aliye na shughuli yake pale saa hiyo patadumu. Pasipo na mtu patarudi kuwa jaa, hata ungepapaka rangi saba.

Kabla ya yote, ardhi ni ya nani?

Watu hupenda kusema "ardhi imekaa tu bure". Neno hilo mimi siliamini tena. Ardhi ya mjini hulala, na aliyelala huamka. Tazama reli ya kutoka Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217. Kwa miaka treni ya abiria haikupita, nyasi zikaota kati ya mataruma, watu wakasahau kabisa kwamba pale ni njia. Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. Hata kabla ya hapo, upande wa Kisumu, ardhi ya reli ilikuwa imekwisha kudaiwa: vile vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ambako kila mgeni wa Kisumu alipelekwa kula ngege akitazama ziwa, vilibomolewa wakati bandari ilipokuwa ikitayarishwa kufufuliwa.

Kwa hiyo kona yoyote unayoiona haina mtu, mwenyewe yupo. Ikiwa kando ya barabara, iko chini ya mojawapo ya mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007 (KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za vijijini) au iko chini ya kaunti yenyewe. Ikiwa chini ya nyaya kubwa za umeme, njia ya laini ya kilovolti 132 ni mita 30 kwa upana, na ya kilovolti 220 ni mita 40. Mboga fupi huenda zikavumiliwa, lakini mti mrefu utakatwa. Ikiwa ukingoni mwa mto, kama Auji au Kisat kule Kisumu au Njoro huku kwetu, kanuni za mazingira zinataka nafasi ya mita 6 hadi 30 kutoka mahali maji yanapofika yakijaa kabisa.

Pembetatu yetu ya Kaptembwo ni ya barabara, hilo halina ubishi. Vigingi vya sarveya bado vipo, kimoja kimegeuzwa jiwe la kunolea visu. Hapo sheria yangu ni rahisi: kitu kisichobebeka kwa mkokoteni kisijengwe. Siku barabara ikipanuliwa utapewa notisi, utapakia, utahama. Ukiwa umejenga ukuta, utatazama tingatinga.

Kona ya Manyatta ni hadithi nyingine, na hapa ndipo dada yangu alipokasirika nami kidogo. Sehemu kubwa ya Manyatta na Nyalenda si ardhi ya serikali hata kidogo. Ni mashamba ya watu, yenye hati, yaliyorithiwa kutoka kwa mababu na kukatwakatwa mji ulipoyafikia. Nilimwambia: hiyo kona inaweza kuwa ya mzee fulani ambaye hajaitembelea tangu mkewe alipofariki. Mzee wa mtaa hana ardhi ya kutoa, ana mdomo tu. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye sachi, yaani mkaangalie kwenye rejesta hati ni ya nani, kwa namba ya ploti, kisha mmtafute mwenyewe. Alinijibu kwamba mimi napenda kuwavunja watu moyo. Tutarudi kwa hilo.

Bembea

Hili ndilo wazo la kwanza la kila kikao, na silicheki. Watoto wa Kaptembwo hucheza barabarani kwa sababu hawana pengine. Nyayo Gardens iko katikati ya mji, na mtoto wa miaka sita hatapanda matatu kwenda kucheza.

Lakini tulikwisha kujaribu. Mwaka 2021 kikundi chetu kilichanga pesa, tukaita mchomeleaji wa jua kali, akatutengenezea bembea nne na kile cha kupanda na kushuka cha watu wawili. Kabla mwaka haujaisha minyororo ya bembea mbili ilikuwa imekwenda. Kwa wauza vyuma chakavu, bila shaka. Nakumbuka vizuri kwamba Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umeme, na marufuku hiyo ikaondolewa baada ya miezi michache. Nasema kwa mzaha, ila ni kweli: hiyo ndiyo miezi pekee bembea zetu zilipolala salama. Baadaye zikaenda zilizobaki, nguzo zikabaki zimesimama kama magoli yasiyo na uwanja.

Kosa halikuwa la mwizi peke yake. Tulichagua kitu chenye sehemu zinazotembea, na chochote kinachotembea huchakaa, huhitaji grisi, bawaba na nati mpya, na hakuna aliyepewa kazi hiyo. Jumanne saa nne bembea zilikaliwa na vijana wakubwa wa miraa, na mama mwenye mtoto mchanga akiona hivyo hupita njia nyingine.

Ukiniuliza sasa, nitakuambia ya Amsterdam. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ule ulikuwa na viwanja vitupu vingi, vingine mahali ambapo nyumba zilikuwa zimebomolewa, na watoto walikuwa wengi. Kuanzia 1947 hadi 1978 msanifu Aldo van Eyck aliweka huko viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyosahaulika. Alichoweka kilikuwa kidogo mno: sanduku la mchanga lenye ukingo mpana wa zege ambao mama anaweza kuukalia, vyuma vya kuning'inia vilivyokitwa ardhini, na mawe ya zege ya kurukaruka. Vyuma vizito vilivyozikwa kwenye zege havibebwi na mtu usiku mmoja. Mtoto naye hajali. Mpe chuma cha kujipindua na mchanga wa kuchimba, atakwambia ni ndege au ni matatu ya kwenda Naivasha.

Kwa Nakuru hilo linawezekana kwa bei ya wastani, kwa sababu udongo wetu wa majivu ya volkano huchimbika kirahisi na hunywa maji haraka, hivyo mchanga haubaki tope. Kwa Kisumu subiri kwanza. Udongo mweusi wa Manyatta hufura mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nguzo yoyote isiyofika kwenye udongo mgumu chini itainama msimu wa pili. Huko ni afadhali matairi makubwa yaliyojazwa udongo na kulazwa juu ya murram, ile changarawe nyekundu ya barabara: yakiyumba, unayasogeza. Sharti moja tu kwa matairi yasiyojazwa: yatoboe chini. Tairi lenye maji ni nyumba ya mbu, na watu wa kando ya ziwa hawahitaji kuelezwa mbu ni nini. Chini ya chochote kinachopandwa weka mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi, na uusawazishe upya kila mwezi. Nani atausawazisha? Tumerudi kwenye Jumanne.

Kitalu cha miche

Ukipita barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro, au ile ya Kisumu kwenda Kakamega, utaona vitalu vimejipanga kando ya lami. Hakuna mpangaji wa mji aliyevichora. Vimekaa pale kwa sababu vinatimiza masharti yote ya ardhi iliyolala: mali yote iko kwenye mifuko na vibati, notisi ikija inapakiwa, mteja anapita mbele ya mlango, na mwenyewe yupo Jumanne saa nne kwa sababu mche usiponyweshwa hufa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwe upande wa kitalu. Mtunza kitalu halipwi ili alinde mahali, anakilinda kwa sababu ni chakula chake. Ukimwona mtu anamwagilia pale asubuhi na jioni, huendi kumwaga taka zako mbele yake. Hata vijana wa miraa husogea, si kwa kufukuzwa, bali kwa sababu mahali pamekuwa na mwenyewe.

Mtaji wake ni mdogo. Udongo wa msituni au wa bustani, samadi iliyooza, mchanga. Pakiti za maziwa zilizokatwa au mifuko ya kuoteshea. Wavu wa kivuli juu ya fito. Kopo la kumwagilia. Mgrevilea, ambao wengi huuita mukima, huchukua miezi minne hadi sita kutoka mbegu hadi kufaa kupandwa, kwa hiyo ukitaka kuuza mvua za masika zinapoanza Machi, mbegu ziwe zimeingia kitaluni Septemba au Oktoba. Kikundi kikianza Februari kwa furaha ya kuona mawingu kitakuwa na miche isiyouzika mvua ikiwa imeshika kasi. Kisumu watu hutafuta siala, mti wao wa mbao na kivuli, na miti ya kupunguza joto uani. Nakuru huuza vizuri maua ya bomani na miche ya ua wa kuzungushia boma, kwa sababu kila anayemaliza nyumba Kiamunyi anataka ua wa namna hiyo. Miche ya parachichi ya kuunganisha ina pesa kuliko yote, lakini kitalu cha matunda kina masharti ya usajili na ukaguzi, basi anza na miti na maua kwanza, mkono uzoee.

Sasa ubaya wake, maana dada yangu alisema naupamba. Kitalu cha kikundi hugeuka kitalu cha Mama Fulani. Mwaka wa kwanza watu kumi wanamwagilia kwa zamu. Mwaka wa pili wanabaki watatu. Mwaka wa tatu kuna mmoja, na ameweka kufuli. Kisheria na kimaadili ana hoja: ndiye aliyebaki. Ila pale pamekoma kuwa mahali pa mtaa, pamekuwa duka. Dawa ninayoijua ni ya kuandikwa siku ya kwanza: mtunza kitalu anapewa upande wa barabara peke yake, kwa mfano theluthi moja ya ardhi, faida ni yake, na kodi yake si pesa bali ni kazi. Afagie nyuma, asawazishe mchanga wa watoto, afungue maji. Kikundi kikitaka kodi ya pesa, kitagombania pesa hizo hadi kivunjike, nimeona zaidi ya mara moja.

Na maji yatoke wapi? Kaptembwo maji ya mfereji huja kwa zamu, na siku yasipokuja kitalu hununua kwa mtungi, faida inayeyuka. Weka tangi na mfereji wa kuleta maji ya mvua kutoka paa la jirani anayekubali. Maji ya kisima cha Nakuru mara nyingi yana floridi nyingi, kiasi cha kuharibu meno ya watoto, na hayafai kuwekwa bomba la kunywea bila kupimwa (kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita), lakini kwa kumwagilia maua na miche ya ua hayanipi wasiwasi.

Mboga: sentensi chache tu

Kila kikao kina mtu wa sukuma wiki. Nitakuwa mkali. Usilime mboga za majani kwenye kona iliyokuwa jaa, gereji au ukingo wa barabara ya magari mengi, si kwenye udongo wake. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Ile iliyotua kando ya barabara kwa miongo bado iko kwenye udongo wa juu, na betri na rangi za gereji zimeongeza yake. Majani hushika vumbi hilo kuliko tunda linavyoshika. Jaa la zamani lina mambo mengine zaidi: ukitaka kujua taka za mji zinavyoweza kuzikwa kwa miaka mingi mahali pamoja, waulize watu wa Kisumu juu ya jaa la Kachok, kando ya Uwanja wa Moi. Ardhi kama hiyo hutoa gesi na huendelea kushuka chini polepole, basi hata ukuta usiwe mzito juu yake.

Ukitaka mboga lazima, tumia magunia: udongo safi ulioletwa, nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, matundu ubavuni, gunia moja hubeba miche 30 hadi 40 ya sukuma, osuga (managu) au dek (saga). Lakini gunia linafaa zaidi mlangoni kwako kuliko kwenye kona ya watu wote. Mboga za wote huvunwa na wa kwanza kuamka.

Choo na maji

Yule mama mmoja wa Manyatta asiyetaka kusikia lolote ila choo, mimi ningempa uenyekiti. Ndiye pekee aliyezungumza juu ya shida ya kila siku. Pia ndiye aliyechagua kitu kigumu kuliko vyote, na nasema hivyo kama mtu anayelipwa kuvijenga.

Choo cha kulipia kina mtu Jumanne saa nne; hilo halina shaka, na pesa huingia kila saa. Katika stendi au kando ya soko hujilipa. Ndani ya mtaa wa makazi huwa vigumu, kwa sababu watu hawatalipa mara tatu kwa siku nyumba nzima ya watu saba. Kisha maji taka yaende wapi? Kama bomba la maji taka la mji linapita karibu, sawa, omba uunganishwe, chimba, lipa. Kama halipiti, utachimba shimo, na hapo miji yetu miwili inatengana kabisa.

Manyatta maji ya ardhini yako juu. Mvua ndefu ikinyesha, shimo la choo hujaa kutoka chini, si kutoka juu, na kwa kuwa watu bado huchota visima vifupi vya uani, maji ya chooni na ya kisimani hukutana bila kuonana. Wakati ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuingia Dunga, kila mtu aliona maji ya juu. Sisi mafundi tulikuwa tukiwaza ya chini. Kule choo kiwe cha juu ya ardhi, chenye mapipa ya kubadilishwa au tangi la kunyonywa, na gari la kunyonya liweze kufika. Likishindwa kufika, usianze.

Nakuru shida ni kinyume. Maji hayapandi, yanashuka, na yakishuka mahali pamoja kwa muda mrefu hubeba majivu ya volkano na kuacha pango. Mji wetu umekaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa, na kila mvua kubwa kuna mtaa unaoamka na shimo mlangoni. Shimo la kunyonyea maji taka kwenye pembetatu yetu, mita chache kutoka kwa gorofa, mimi sichimbi hata kwa malipo mara mbili.

Lakini ndani ya wazo la choo kuna wazo dogo zuri zaidi: kioski cha maji. Kisumu wana uzoefu nao. Kule Nyalenda kampuni ya maji, KIWASCO, ilianza kuuza maji kwa jumla kwenye mita moja kwa kikundi au msimamizi wa eneo, naye husambaza kwa nyumba na vioski na kukusanya pesa. Kikundi cha akina mama kinaweza kuomba mkataba wa namna hiyo. Kioski kina mtu kutwa. Kina pesa ya kila siku, si ya msimu. Kina kivuli, na penye mtungi na kivuli wanawake hukaa na watoto hucheza pembeni bila kuwekewa bembea hata moja.

Mambo mawili ya kifundi, maana hapa watu huharibu. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Ukilisimamisha juu ya udongo mweusi bila kuondoa udongo huo na kujaza murram iliyoshindiliwa, litainama, na tangi la plastiki likiinama hupasuka chini. Sakafu ya zege iwe pana kuliko tangi pande zote. Ukingo ukining'inia nje utakatika. Pili, usijenge mnara. Bomba la kujazia mitungi halihitaji presha kubwa. Mita moja na nusu juu ya bomba yatosha, na ngazi fupi haimwui mtu.

Vibanda

Watu wataniuliza kwa nini sijaweka vibanda vya biashara kwenye orodha. Kwa sababu hamtavichagua, vitakuja. Chini ya daraja la juu la Kondele, kule Kisumu, kuna kivuli na hakuna mvua, na wachuuzi na bodaboda hawakusubiri mtu awachoree. Kisumu pia ina mfano wa upande wa pili: Oile, katikati ya mji, ilikuwa soko, na sasa ni bustani, katika zile harakati za kuupamba mji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022. Bustani inapendeza. Aliyekuwa akiuza pale naye ana maoni yake. Kama kwenye kona yenu tayari kuna mama anayechoma mahindi, msianze kwa kumwondoa. Huyo ndiye mtu wenu wa Jumanne. Mpeni kivuli na mfagio, mambo mengine yapangwe kumzunguka.

Huku hivi, kule vile

Kwa Kaptembwo, ardhi ya barabara, udongo unaochimbika, gorofa zilizo jirani, maji ya mfereji yanayokuja kwa zamu: ningeweka kitalu upande wa lami, theluthi moja, kwa mtu mmoja mwenye mkataba wa kazi, na nyuma yake mchanga wenye ukingo wa matofali yaliyopangwa bila saruji na vyuma viwili vizito vya kuning'inia, ambavyo vikihitajika kung'olewa siku moja, vitang'olewa kwa nyundo na saa mbili. Bembea, hapana. Choo, hapana kabisa. Kabla ya kumwaga hata mchanga, barua kwa mamlaka ya barabara na nakala kwa ofisi ya wodi, na tusianze kwa jibu la mdomo.

Kwa Manyatta ilitegemea sachi. Kama ingekuwa ardhi ya barabara au ya mtaro, ningewaambia kitalu kama sisi, juu ya murram. Kama ina mwenyewe, na mwenyewe anakubali kuandika, basi wao wana nafasi tusiyokuwa nayo sisi: wanaweza kujenga kitu cha kudumu. Na hapo kioski cha maji kinashinda kitalu, kwa kuwa kina pesa ya kila siku na kinahitajiwa na kila nyumba.

Dada yangu alinyamaza wiki tatu. Kisha akapiga. Walikuwa wamefanya sachi. Kona ina hati, na mwenyewe ni mzee anayeishi Kajulu na wanawe. Walimwendea watatu, na sukari kilo mbili, wakaketi naye mchana kutwa. Alitaka mambo mawili: mkataba uwe wa miaka mitano, si zaidi, uandikwe mbele ya chifu na wanawe wakiwapo, na mjukuu wake anayepanga karibu na hapo apate mitungi miwili kila siku bila malipo. Wakakubali. Yule mama wa choo bado anadai choo chake, nao wamemwahidi kwamba mita ikianza kuleta pesa watauliza bei ya kile cha tangi la kunyonywa.

Jumamosi iliyopita alinitumia picha ya lori la kwanza la murram likiwa limemwagwa, na mbuzi wawili wamekwisha kupanda juu yake. Ananiuliza sakafu ya tangi iwe na unene gani. Nimemwambia sentimita 15, na nondo, na asimwage zege kabla sijafika. Sisi huku Kaptembwo barua yetu ina mwezi wa pili mezani kwa watu wa barabara, na mama wa mahindi ameshaweka viti vitatu kwenye pembetatu.